Sinema ya Kabati

Nilipokwenda kuposa sikupewa masharti mengi. Baba mkwe alitaka kujua kama nina kazi. Mama mkwe alitaka kujua kama nalewa. Shemeji, kaka mkubwa wa mke wangu, alitaka kujua kama nimewahi kuiona sinema ya kabati. Nilijibu kwamba kazi ninayo, silewi, na hiyo sinema siijui. Jibu la tatu ndilo lililowatia wasiwasi.

Basi nikaketishwa. Nilikuwa nimevaa suti ya kuazima inayonibana kwapani, na badala ya kuulizwa habari za nyumbani nikawekewa kanda ya video. Baba mkwe alikuwa fundi wa redio na televisheni. Zamani kidogo mteja mmoja alimwachia deki iliyogoma pamoja na kanda mbili, kisha akapotea jumla. Deki ikapona, mwenyewe hakurudi, na watoto wa nyumba ile wakakua na sinema moja tu. Karatasi za kanda zilikuwa zimebanduka, jina la sinema halikujulikana, na mwanzo wa kila kanda ulikuwa umefutwa na mechi ya mpira aliyoirekodi mtu juu yake. Ilibidi mtu aamue ipi ni ya kwanza. Shemeji alikuwa bado mtoto, lakini mtoto wa aina ile inayoamua mambo ya wengine. Akazitazama zote mbili, akaona moja inaanza harusini, akakata kauli kwamba hadithi huanza na harusi, kwani kabla ya hapo mtu huwa hana la kusimulia. Akaandika moja kwa chaki kwenye kanda ya harusi, na mbili kwenye nyingine.

Alikosea. Ya harusi ilikuwa nusu ya pili. Mtaa mzima, maana mtaa mzima ulikuwa ukija kutazama pale, ulikua na sinema iliyogeuzwa nyuma mbele, na nadhani ndiyo sababu waliipenda kiasi kile. Bwana mmoja mwembamba anaingia kwenye harusi yake akiwa amelowa chapachapa, ana kiatu kimoja, na mgongoni amebeba kabati la nguo. Kwa nini, hakuna ajuaye. Mama mkwe wake anakaa juu ya keki akidhani ni kigoda. Mpambe anafungiwa kabatini. Wanakwaya wanamtafuta, nao wanaingia mmoja mmoja, na kabati linaanza kuimba. Kisha kanda inakwisha, inawekwa ya pili, na yule bwana yuko kwa seremala, mkavu, viatu vyote miguuni, ananunua kabati. Analibeba mji mzima. Askari wa barabarani analiandikia kabati kosa la kuegeshwa vibaya. Mwisho bwana anafika mtoni, kiatu kimoja kinachukuliwa na maji, naye anakaa juu ya kabati na kuelea zake. Maneno ni machache na ya lugha ya mbali, muziki ni kinanda cha kuvuta, wimbo mmoja karibu sinema nzima. Watu wa mtaa waliambiana kwamba lile kabati la kwanza lilivunjwa harusini, na sasa bwana amenunua jingine ampelekee mke mwingine.

Mimi ni fundi vigae. Jicho langu limezoea kutafuta kilichokaa upande, hata pale nisipolipwa. Nikasema, tena kwa adabu, kwamba huyu bwana kiatu kinampotea kanda ya pili, mbona kanda ya kwanza tayari hana? Shemeji akanitazama kwa huruma.

"Anavyo vingi vya kupoteza," akasema.

Nikapewa mke hata hivyo. Ila toka siku ile, kila tukikutana, shemeji hunikumbusha kwamba mimi ndiye niliyetaka kuwafundisha sinema yao, nami humkumbusha kiatu. Hivyo ndivyo tulivyopendana.

Shemeji ni dereva wa basi la shule. Watoto wangu wanamwita Mjomba, watoto wa basini wakaiga, baadaye wazazi, na sasa hata mwalimu mkuu, mtu mwenye mvi, humwita Mjomba bila haya. Alianza kama utingo wa lori, akapanda hadi usukani, akachoka kulala njiani, akaomba kazi shuleni. Ameliendesha basi lile lile la buluu karibu miaka ishirini. Huliosha mwenyewe. Ana kitambaa cha viti na kitambaa cha vioo, na ole wake atakayevichanganya. Asubuhi hukaa usukani amevaa shati lililonyooka, kola imefungwa mpaka juu, na kila mtoto akipanda humwamkia kwa utani wake mwenyewe. Hakuoa. Ukimuuliza atakwambia watoto anao, basi zima, na uzuri wake ni kwamba jioni anawarudisha kwao.

Nisifiche kwamba kwa muda nilikuwa na kinyongo naye. Kama mwaka hivi alikuwa ameacha kunitazama usoni. Nikimsalimia alinijibu vizuri tu, lakini macho yake yalikuwa yameelekea sikioni kwangu, kidevu amekiinua pembeni, kama tajiri anayesikilizishwa shida za watu. Matajiri wenyewe nawafahamu, naweka vigae vya mabafu yao, na kutazamwa hivyo na mwenye nyumba nimezoea. Kwa shemeji iliniuma. Nilimwambia mke wangu.

"Ni maringo ya udereva," akasema. "Utu uzima unamwingia vibaya. Achana naye."

Kisha likaja jambo la geti. Wakati wa likizo shule ilijenga upya ukuta wa mbele, na geti likahamishwa hatua chache kutoka pale lilipokuwa. Siku ya kufungua shule Mjomba alikuja na basi limejaa, akakata kona kama anavyokata siku zote, akaenda moja kwa moja kwenye geti la zamani. Pale palikuwa ukuta. Hakuwa na kasi, kwa hiyo hakuna aliyeumia. Taa moja ilivunjika na ubavu ukakwaruzika. Alishuka akacheka, akasema ni mazoea, mikono yake imezoea kule. Watu wakacheka pamoja naye. Nani hajawahi kukosea kwa mazoea? Mimi mwenyewe niliwahi kuingia nyumba tuliyohama.

Lakini kuna wazazi ambao hawakucheka. Wakadai kikao. Hoja ilikuwa moja tu: Mjomba aendelee na basi au lipewe mtu mwingine. Mimi nipo kwenye kamati ya wazazi, na kitinda mimba wetu, msichana wa darasa la sita, hupanda basi hilo kila siku, kwa hiyo ikaonekana neno langu litakuwa na uzito. Nilikuwa nimeshajiandaa. Ningesimama Jumatatu alasiri, ningesema mazoea si ulevi, mtu hafukuzwi kwa kukumbuka sana, na watu wangekubali kwa vichwa. Kazi ile ikimtoka, Mjomba angebaki na nini? Chumba kimoja, pasi ya kunyooshea mashati, na hakuna wa kumwonyesha shati.

Jumapili yake mke wangu akamwalika chakula cha mchana ili kumpoza. Kitinda mimba naye akawa na zawadi yake. Alikuwa ameitafuta sinema ya kabati kwenye simu kwa kueleza tu: bwana, kabati, harusi, mto. Akaipata. Kumbe ina wapenzi wengi duniani, watu wazima wenye akili zao, wanaokutana kila mwaka kuitazama wakiwa wamevaa kiatu kimoja kimoja. Na aliipata nzima, haina mpira wala mkwaruzo, imekaa kama ilivyotengenezwa.

Aliponionyesha pembeni kidogo tu nikaona inaanzia kwa seremala. Nilimwambia asimwambie mjomba wake, tumshangaze. Miaka yote ile nilikuwa nasubiri kushinda, na sasa ushindi umeletwa hadi sebuleni kwangu. Nilichotaka kukiona si sinema, nilitaka kuuona uso wa shemeji pale kabati litakaponunuliwa kabla ya harusi.

Tulikula. Mke wangu akabaki jikoni na vyombo, akasema tuanze, anakuja. Mjomba akachukua kiti kilicho karibu na dirisha, kikombe cha chai mkononi, kidole chake kimoja kimeingia ndani ya mdomo wa kikombe, tabia mpya ambayo dada yake alikuwa ameshaikemea. Kitinda mimba akaunganisha simu na televisheni. Kinanda kikaanza kulia, wimbo ule ule. Mjomba akafumba macho kidogo kwa raha, akayafumbua.

Kwenye kioo palikuwa na mtaa, kibao cha seremala, mlango. Bwana Kabati akaingia, mkavu kabisa, viatu viwili. Akaivua tai yake na kuanza kulipima kabati kwayo. Mimi nikageuka kumtazama shemeji.

"Haya," akasema, anamwambia mpwa wake, "sasa mwangalie mama mkwe. Anakuja na gauni lake hilo. Anatafuta pa kukaa. Hapati. Anaiona keki, anasema, ah, kigoda."

Akacheka mpaka chai ikamwagikia sahani. Kitinda mimba naye akacheka, lakini nikaona anamtazama yeye, hatazami kioo. Kiooni seremala alikuwa anapiga randa ubao. Nikajua ni mbinu. Shemeji ameshaona ameshindwa, sasa anajitia hamnazo, anaigiza sinema yake juu ya sinema ya watu ili aninyime ushindi. Ni mtu wa utani huyu. Nikamwacha.

Hakuacha. Kinanda kilipopanda akasema mpambe ameingia kabatini. Kilipotulia akasema wanakwaya hao, mhesabu yule mnene, huyo ndiye atakayekwama. Alikuwa anawahi kicheko sehemu zote alizokuwa akiwahi tangu utotoni, na uso wake ulikuwa mkunjufu, hauna hila. Kiooni bwana alikuwa anahangaika kulitoa kabati mlangoni.

"Shemeji," nikasema, "umeshindwa. Kubali tu."

"Nimeshindwa nini?"

Aliuliza kweli. Aligeuza uso upande wangu, akaelekea sikioni kwangu, akangoja jibu. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, na bado sikuwa nimejua naogopa nini.

Mke wangu akatoka jikoni anajifuta mikono. Akatazama televisheni.

"Mbona mmeanzia kanda ya pili?" akasema.

Mjomba akageuza kichwa upande wa televisheni. Nilimwona akisikiliza. Kinanda kilikuwa kile kile, hakikuwa na la kumwambia.

"Namchekesha mtoto," akasema upesi. "Hamna utani nyumba hii."

Mke wangu akatabasamu, maana kaka yake alitaka atabasamu, kisha tabasamu likaisha lenyewe. Akamtazama binti yetu. Binti alikuwa anatazama sakafu, vigae nilivyoweka mimi, kama vile anavihesabu. Mke wangu akavuta kigoda, akakaa karibu kabisa na kaka yake. Tukatazama sinema wote wanne, askari akaandika kosa la kabati, bwana akafika mtoni. Kinanda kikakatika. Sehemu ile haina sauti hata moja: bwana amesimama ukingoni, anavua kiatu, anakitumbukiza majini kupima kina.

"Kaka," mke wangu akasema, "sasa hivi anafanya nini?"

"Nani?"

"Bwana Kabati."

"Si unamwona mwenyewe."

"Mimi namwona. Nakuuliza wewe."

Mjomba akainua kidevu, akakipeleka pembeni, ule mtazamo wa tajiri, na safari hii nikaona ni kazi gani ngumu anayoifanya. Alikuwa anakitafuta kioo kwa pembe ya jicho.

"Anavuka," akasema.

Alikuwa amekisia vizuri. Sinema ina mto mmoja na bwana lazima auvuke.

"Bado," mke wangu akasema.

Mjomba akakiweka kikombe mezani. Mkono ulitangulia, ukaipapasa meza, kikombe kikafuata. Alieleza bila kutia chumvi, kama anayeeleza hitilafu ya gari. Ilianza jicho moja, likaja la pili. Katikati pameingia moshi. Pembeni anaona vizuri tu: anaona mlango, anaona miguu, anaona mtu anavyotembea, na kwa mwendo anamjua. Kile anachokitazama ndicho kinachopotea. Ukitaka akuone uso, lazima atazame kando yako.

"Sikio," nikasema.

"Nikitazama sikio napata mdomo kidogo," akasema. "Na hilo shavu lako."

Mwaka mzima nimemnunia mtu kwa kunitafuta. Niliona aibu, na aibu ile haikuwa na pa kwenda, kwa sababu hapo hapo hofu nyingine ilikuwa imeshanifikia. Mke wangu ndiye aliyeisema.

"Na basi?"

"Njia naijua."

"Geti pia ulikuwa unalijua."

Hakuinua sauti. Mjomba alikubali kwa kichwa, polepole, kisha akanigeukia mimi, au sikio langu.

"Shemeji, kesho sema vile vile ulivyotaka kusema. Mazoea. Nimalize muhula huu. Likizo ikifika naacha mwenyewe, kwa heshima, naagana na watoto. Sikuombi zaidi."

Katika miaka yote hakuwa ameniomba kitu. Nitasema ukweli: nilitaka kukubali. Ulikuwa umebaki muda mfupi tu, ningesimama, ningesema maneno mawili niliyokwisha kuyapanga, na mtu mzima angeondoka kazini kwake akiwa amesimama wima. Na wakati natafuta namna ya kukubali, nilikuwa nayaona makutano ya barabara kuu pale sokoni, na binti yangu kiti cha mbele. Nilimpenda shemeji na nilimwogopa, yote mawili mara moja.

Yeye akadhani nasita kwa kutomwamini. Akaanza kujitetea. Kwamba mwendo wake ni wa kinyonga, aulizwe mtu yeyote. Kwamba barabara anaiona pande zote mbili. Kwamba taa huambiwa.

"Unaambiwa na nani?" mke wangu akauliza.

"Ni mchezo." Akatabasamu kidogo. "Nimewatungia mchezo. Anayeiona taa kwanza anataja rangi. Anayeona mtu anavuka anasema. Mshindi anapiga honi tukifika shule. Wanaupenda sana. Wala hawajui chochote."

"Tunajua, Mjomba," binti akasema.

Alisema taratibu, na bado anatazama vigae.

"Mnajua nini?"

"Kwamba si mchezo. Tuliambizana toka muhula uliopita. Tumepangana zamu." Sasa alikuwa anatueleza sisi wazazi wake, kwa uangalifu, kama mtu anayetetea kazi iliyofanywa vizuri. "Wawili mbele. Mmoja anaangalia kulia, mmoja kushoto, na wa kulia ndiye anasema taa. Wadogo hatuwapi, wanasahau. Ukiwa zamu hupigi gumzo wala husinzii. Wiki hii ni yangu."

Mke wangu alikuwa ameweka mkono mdomoni.

"Mbona hamkusema?" akauliza.

"Wangemtoa," binti akasema. Kisha akamgeukia Mjomba na kumshika goti. "Ile siku ya geti ilikuwa kosa letu. Ilikuwa siku ya kwanza, tulikuwa hatujapangana. Nikisimama kesho kwenye kikao nitawaambia. Si kosa lako."

Nimefanya kazi kwenye nyumba za misiba, nimeona wanaume wanavyolia. Mjomba hakulia. Alibaki amekaa vile vile, mgongo umenyooka, kola imefungwa, lakini kitu kilimwondoka usoni, utani wote ule aliokuwa akiutegemea, na kwa mara ya kwanza nikamwona ni mzee. Alidhani amewabeba watoto wale.

Akatia mkono mfuko wa shati, akatoa ufunguo wa basi, akanyoosha mkono kuuweka mezani. Aliikosa meza kidogo. Binti akaupokea kabla haujaanguka, akauweka.

"Mpigie mwalimu mkuu," Mjomba akaniambia.

"Kesho kuna kikao, shemeji. Tunaweza..."

"Mpigie sasa. Nipe mimi niseme."

Nikapiga, nikamwekea simu sikioni. Akajitambulisha kwa jina lake kamili, ambalo sikumbuki mara ya mwisho kulisikia. Akasema kesho asubuhi watafute dereva. Akasikiliza. Akasema, hapana mwalimu, si kwa ajili ya geti. Akasema, macho. Akasikiliza tena, muda mrefu, nikadhani mwalimu anampa pole, kumbe anamuuliza tangu lini, swali nililolisikia mimi Mjomba aliponirudishia simu nimalizie. Nikamalizia. Televisheni ilikuwa bado inaendelea, bwana amefika harusini na kabati lake, amelowa chapachapa. Mama mkwe akakaa juu ya keki na hakuna aliyecheka.

Yaliyofuata yanafahamika. Daktari wa macho alisema katikati hapatarudi, ila pembeni huenda pakabaki. Kikao hakikufanyika, hakukuwa na hoja tena. Wale wazazi waliodai kikao walinipita mtaani bila kusema "si tulisema," nami nikawashukuru moyoni, maana walikuwa na haki ya kusema. Mjomba alihamia kwetu, chumba cha nyuma, akitusaidia shughuli asizohitaji kuzitazama, na mashati yake bado anayapiga pasi. Kitu kimoja alikataa kata kata: kusimama getini kwetu basi la watoto likipita.

Ila Jumatatu ile siisahau. Dereva mpya alikuwa kijana mwangalifu, miwani safi, lakini njia hakuijua, na njia haikuwa imeandikwa popote. Mwalimu mkuu akaniomba nipande nimwelekeze. Watoto waliingia. Walikuwa wameshapata habari, namjua aliyewapa. Binti yangu hakuja kukaa nami. Alikwenda mbele, akasimama upande wa kulia akashika chuma, na mvulana wa darasa lake akasimama kushoto. Sikuwaambia wakae.

Tulipokaribia taa za sokoni binti yangu akasema, "Nyekundu."

"Mama na mtoto wanavuka," mvulana akasema.

Dereva akawatupia jicho kwenye kioo. Hakuwa na ubaya.

"Naona, jamani," akasema. "Nendeni mkakae."

Wakarudi kukaa. Binti yangu alikaa pembeni yangu, mikono mapajani, kama mtu aliyeachishwa kazi. Nilitaka kumshika mkono, nikaona si wakati wake. Kwenye taa za pili hakuna aliyetaja rangi. Basi zima lilinyamaza, hadi wale wadogo wa viti vya nyuma wasiopewa zamu, wote shingo zimenyooka wanaitazama taa, na hakuna aliyepiga gumzo mpaka gari liliposimama shuleni.